Usianze na idadi ya abiria wa mwaka, anza na ndege mbili zilizokutana saa moja

Msomaji wa Mikindani ananiuliza kwa nini Uwanja wa Ndege wa Mtwara usipangiwe ukaguzi wa awali wa uhamiaji: maofisa wa nchi uendako wakukague hapahapa, ukishuka kule utoke kama abiria wa ndani. Marekani ilianza hivyo Toronto mwaka 1952, na sasa iko hadi Dublin, Shannon na Abu Dhabi. Kwetu jambo la karibu nalo ni vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga na Rusumo, ambako msafiri husimama mara moja tu, upande anaoingia.

Bila mkataba wa nchi mbili hakuna ofisa atakayekaa. Hilo la serikali. La wanaopanga ujenzi ni hesabu, na hapo ndipo wengi wanaharibu: wanagawa abiria wa mwaka kwa siku 365. Foleni haijui wastani. Chukua saa yenye watu wengi kuliko zote, na uichukue msimu wa korosho, Oktoba na kuendelea, si Aprili.

Tuseme ndege ya viti 132 imejaa, na kila abiria anatumia sekunde 90 kaunta: pasi, alama za vidole, maswali mawili. Kaunta moja inatoa watu 40 kwa saa. Ukiwa na kaunta 3, wa mwisho anamaliza baada ya dakika 66. Ukiwa nazo 6, dakika 33. Sasa ndege ya viti 76 ikichelewa ikaangukia saa hiyohiyo, una watu 208, na zile 6 zinahitaji dakika 52. Weka pia mita ya mraba 1 kwa kila anayesubiri, la sivyo mkia wa foleni utaziba mlango wa ukaguzi wa usalama.

Mizigo nayo ina mambo yake. Dublin, ofisa humwonyesha abiria picha ya sanduku lake kwenye kioo na kumuuliza kama ni lake. Mkanda ukichelewesha sanduku, abiria yuko tayari, ofisa yuko tayari, na hakuna kinachosogea. Kwa hiyo kaunta za kupokea mizigo zifunguliwe mapema kuliko mlivyozoea.

Ila kinachosahaulika kuliko vyote ni safari kufutwa. Aliyekwisha kukaguliwa hachanganywi tena na wengine, kwa hiyo nyuma ya kaunta lazima kuwe na vyoo, maji, chakula na mahali pa kuswalia. Safari ikifutwa, anarudishwa kwa kusindikizwa na kibali chake cha kuingia kinabatilishwa, mmoja mmoja. Jengeni mlango wa kurudi tangu siku ya kwanza. Nawasihi, msiuache kwa awamu ya pili, kwa sababu kuutoboa baadaye ni kufunga eneo zima.

Umeme wa kaunta upite kwenye betri kabla jenereta haijawaka, na mtandao uwe na njia mbili zisizopita mtaro mmoja. Mkijenga kaunta 6, lazeni mabomba ya nyaya ya kaunta 10 chini ya sakafu kabla ya kuweka vigae.