Moshi wa Msitu Unaoungua Ukitanda: Chumba Kwanza, Barakoa Baadaye

Moshi wa moto wa msituni hauhitaji moto wenyewe ufike kwenu. Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada uliteremka hadi New York, mamia ya kilomita kutoka kwenye miti iliyokuwa ikiteketea, na mchana kweupe anga likageuka rangi ya chungwa. Anayeishi mbali na msitu naye inambidi ajiandae, na maandalizi yaanzie ndani ya nyumba. Watu wengi hukimbilia barakoa. Barakoa ina kazi yake, ila utaivaa saa moja au mbili ukiwa njiani. Hewa ya chumba unacholala utaivuta usiku kucha. Pesa yako ya kwanza na jasho lako la kwanza viende kwenye chumba hicho.

Kinachodhuru zaidi ni chembe, si harufu. Wapimaji huziita PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini, na nyingi za moshi wa msitu hazifiki hata maikromita 1. Unywele mmoja wa kichwani una maikromita 50 hadi 70. Chembe ndogo kiasi hicho hupita pua na koo bila kuzuiwa, zikatua kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine zikapenya hadi kwenye damu. Ndiyo sababu siku za moshi hospitali hazipokei wenye pumu peke yao. Wenye maradhi ya moyo nao huzidiwa.

Usiitegemee pua kukuambia hali ya hewa. Pua huzoea harufu baada ya muda, na moshi uliosafiri mbali huwa umeshapoteza harufu nyingi huku chembe zake zingali angani. Tafuta namba. Vipimo vya ubora wa hewa hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo 150 ya huku huenda isiwe 150 ya kule. Kilicho sawa kila mahali ni maikrogramu za PM2.5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 24 usizidi 15. Kwa ngazi zinazotumika Marekani, ikipita 35 wazee, watoto, wajawazito na wenye pumu, moyo au kisukari wapunguze kazi za nje. Ikipita 55 hewa ni mbaya kwa kila mtu. Ikipita 125 ni mbaya sana. Ikipita 225 ni ya hatari.

Angalia pia namba unayoisoma ni ya muda gani. Wastani wa saa 24 huchelewa: upepo ukigeuka saa tisa alasiri, wastani huo bado utakuonyesha asubuhi njema iliyokwisha pita. Soma ya saa kwa saa. Vipima hewa vidogo vya bei nafuu vinavyotumia leza mara nyingi husoma moshi kupita kiasi chake, lakini vinajua vizuri kama hali inapanda au inashuka, na ukiwa na kimoja ndani kitakuambia kama juhudi zako zinazaa kitu.

Asiye na namba yoyote atumie macho mchana: chagua kilima au mnara unaojua umbali wake. Cha kilomita 8 kisipoonekana, walio dhaifu waingie ndani. Cha kilomita 5 kisipoonekana, kila mtu apunguze kazi za nje. Kisichozidi kilomita 2 kikipotea, usitoke bila sababu nzito. Njia hii haifai usiku wala wakati wa ukungu.

Chumba kimoja, kitengenezwe vizuri

Nyumba nzima ni kubwa mno kuisafisha hewa yake. Chagua chumba kimoja kinachowatosha wote kulala, chenye madirisha machache, na ikiwezekana chenye choo ndani ili mlango usifunguliwe kila mara. Funga madirisha, ziba nyufa kwa selotepu au sponji ya kuziba milango, laza taulo chini ya mlango. Huhitaji kuzuia kila tundu, na usizibe njia ya kutokea. Moto ukisogea itabidi mtoke haraka. Chumba hicho kisiingie jiko la mkaa wala jenereta kwa hali yoyote. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na katika chumba kilichozibwa huua watu wakiwa usingizini.

Kosa linalofanyika sana ni feni ya kutoa hewa ya jikoni au chooni kuachwa ikizunguka. Kila hewa inayotolewa nje lazima nafasi yake ijazwe, na itakayoijaza ni ya moshi, kupitia nyufa. Viyoyozi navyo si vya aina moja. Kile cha ukutani chenye kipande kingine nje huzungusha hewa ya ndani, kwa hiyo hakiingizi moshi, ila wavu wake unanasa vumbi tu. Cha dirishani huwa na kilango kidogo cha hewa ya nje, kifunge. Cha kuhamishika chenye bomba moja kinasukuma hewa ya chumba nje na kuukaribisha moshi kwa mlango wa nyuma. Vile vya kupooza kwa maji huvuta hewa ya nje kwa namna vilivyoundwa, vizimwe.

Kufunga madirisha kunachelewesha moshi, hakuuzuii. Baada ya saa kadhaa hewa ya ndani huanza kuifuata ya nje, na hapo ndipo kichujio kinapohitajika. Mashine ya kusafisha hewa iwe na kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa hata chembe ndogo sana, na kabla ya kulipia soma CADR yake ya moshi, maana hiyo ndiyo hewa safi inayotoka kweli. Kwa moshi wa msitu hesabu mita za ujazo 18 kwa saa kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu, dari ikiwa na mita 2.4. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14, kwa hiyo kinahitaji kama 250. Dari ikiwa mita 3, ongeza robo: kama 315. Ila namba ya kwenye boksi hupimwa mashine ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, yenye kelele ambazo hakuna anayelala nazo. Ukiishusha kasi, usafishaji unashuka nayo. Bora kununua iliyozidi kidogo mahitaji na kuiendesha kasi ya kati, kuliko ndogo inayozimwa usiku kwa sababu ya kelele. Iache mbali kidogo na ukuta na pazia ili ipate kuvuta. Na zile zinazojisifu kwa kutoa ozoni ziache dukani. Ozoni yenyewe huunguza njia za hewa.

Usipopata mashine, kuna boksi la kuchuja hewa ambalo mhandisi Richard Corsi na mtengeneza vichujio Jim Rosenthal walilipa umaarufu mwaka 2020. Unahitaji feni ya mraba ya sentimita 50, vichujio vinne vya MERV 13 (ngazi ya uchujaji inayonasa chembe za moshi) vya inchi 20 kwa 20, kipande cha kadibodi cha kitako, na selotepu pana ya nguo au ya mabomba. Simamisha vichujio vinne viwe kuta za boksi. Kila kimoja kina mshale ubavuni. Mishale yote ielekee ndani. Bandika kadibodi chini, feni juu ikipuliza kuelekea darini, kisha piga selotepu kwenye kila kiungo kuanzia juu hadi chini.

Linaloharibu kazi hapa ni kona za feni. Panga zinazunguka duara, fremu ni mraba, na kwenye kona hewa hurudi ndani badala ya kutoka. Kata kadibodi yenye tundu la duara linalokaribia upana wa panga, ibandike juu ya feni, na utaona tofauti kubwa. Ili kujaribu, bandika kipande cha karatasi laini ya chooni kwenye uso wa nje wa kichujio: kikivutwa na kushikilia, hewa inapita, kikining'inia tu, kuna mahali panavuja au umegeuza mshale. Usiegemeze kichujio kimoja chembamba moja kwa moja mgongoni mwa feni ukadhani ni kitu kilekile. Hewa hupita kwa shida na mota hupata joto. Tumia feni mpya inayojizima ikichemka, uichomeke ukutani moja kwa moja bila waya wa nyongeza. Kichujio kikishageuka kahawia na upepo wa feni ukapungua, badilisha. Wakati wa moshi mzito hilo hutokea mapema sana kuliko muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Kusafisha hewa huku dirisha liko wazi ni kutia maji kwenye pakacha. Vivyo hivyo na kutengeneza moshi wenu wenyewe ndani: kukaanga, mishumaa, ubani, sigara. Chemsha badala ya kukaanga. Usifagie, pitisha kitambaa chenye unyevu.

Joto ndilo linalovuruga mipango hii. Nyumba iliyofungwa bila kiyoyozi inaweza kuwa hatari kuliko moshi, hasa kwa mzee au mtoto mchanga. Chumba kikishindikana kwa joto, hamieni kwenye jengo lenye kiyoyozi na hewa inayochujwa. Na moshi haukai palepale: namba ya nje ikishuka chini ya ya ndani, hata kwa saa moja alfajiri, fungua kila kitu, kisha ufunge tena.

Ukilazimika kutoka

Barakoa ya kazi hii ni N95, FFP2 au KN95. Kitambaa, hata kilicholowekwa maji, hakizuii chembe hizi, na barakoa ya daktari ya kawaida inavuja mashavuni. Ni afadhali yenye mikanda miwili inayozunguka kichwa kuliko ya kuning'inia masikioni. Mkanda mmoja upite juu ya masikio, wa pili shingoni. Kibanzi cha puani kiminye kwa vidole vya mikono miwili, si kwa kidole kimoja. Kisha ifunike kwa viganja na upumue kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, irekebishe. Ndevu zinaharibu kila kitu hapo. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivalishwe. Na barakoa hizi hazizuii gesi, kwa hiyo hazimruhusu mtu kusogelea moto.

Garini, pandisha vioo na uweke hewa izunguke ndani, lakini safari ikiwa ndefu ingiza hewa ya nje kidogo kila baada ya nusu saa hivi, maana pumzi za abiria hujaza kaboni dioksidi na dereva husinzia. Mazoezi yahamie ndani. Anayekimbia anaweza kuvuta hewa mara kumi ya aliyekaa, na chembe nazo huingia kwa kiasi hicho.

Mwenye pumu aendelee na inhela ya kinga kila siku hata akijisikia mzima, na awe na akiba ya dawa kabla moshi haujafika. Akilazimika kutumia ile ya kufungua kifua zaidi ya kila saa nne, amwone daktari siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua, kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo kuwa ya bluu au kuchanganyikiwa: hospitali mara moja.

Moshi ukiondoka

Majivu yaliyobaki ni moshi unaosubiri kutimuliwa. Yanyunyizie maji kidogo, si ya kutiririka hadi mtaroni, kisha yakusanye taratibu ukiwa na barakoa, glavu na mikono mirefu. Mashine ya kupulizia majani isiguswe, na watoto wakae mbali. Majivu ya nyumba zilizoungua ni habari nyingine, kwani huweza kuwa na madini ya risasi na nyuzi za asbesto, vyote ni sumu. Hayo yaachwe kwa wenye vifaa. Vichujio vilivyotumika vitie kwenye mfuko ukiwa nje, bila kuvikung'uta, funga, tupa, na uweke vipya kabla mioto ya msimu haijaisha.