Wino na Rangi za Maji katika Picha za Ngano

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeazima kitabu cha ngano za akina Grimm, ndugu wawili Wajerumani, chenye picha za Arthur Rackham. Naona msanii alichora kwa wino kisha akapaka rangi za maji, lakini wino haukuchuruzika. Tena rangi ni za kahawia na kijivu. Je, zimefifia kwa uzee? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hata kama karatasi imezeeka, ukahawia huo ulikusudiwa. Rackham (1867–1939), mzaliwa wa London, alianza kwa penseli, akapitisha kalamu yenye wino mweusi ambao ukishakauka hauyeyuki kwa maji, ndipo akapaka rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka. Rangi ya maji hupenyeza nuru, kwa hiyo mwanga unaouona nyuma ya matawi ni weupe wa karatasi yenyewe, na mchoraji akiufunika kwa pupa ni vigumu kuurudisha. Ustadi wa kujizuia namna hiyo, kwa maoni yangu, unastahili sifa kuliko wingi wa rangi.

Uchapaji nao ulichangia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchoro ulipigwa picha kupitia vichujio vya rangi, zikatengenezwa bamba za kuchapia za manjano, nyekundu na buluu, zikachapwa moja juu ya nyingine kwenye karatasi laini. Bamba moja ikisogea kidogo tu, maumbo hupoteza ukali, na mstari wa wino ndio uliosaidia kuyashikilia. Edmund Dulac, mchoraji mwingine wa picha za vitabu, mzaliwa wa Toulouse nchini Ufaransa, aliitegemea zaidi rangi kujenga maumbo, na buluu zake za usiku zinapendeza mno, ila kwa misitu ya Grimm, ambamo watoto hupotea na wachawi hungoja, ninamchagua Rackham bila kusita.

Ukiitazama picha, anzia kwenye mizizi. Ufuate mstari unavyonenepa na kukonda kadiri mkono ulivyoikandamiza kalamu, hadi gome la mti linapoanza kufanana na uso wa mtu. Kisha utafute mahali ambapo hakupaka chochote. Ukiweza, linganisha matoleo mawili: la 1900, ambalo karibu michoro yake yote ni ya wino mtupu, na la 1909, ambamo alirekebisha mingi ya michoro hiyo na kuitia baadhi yake rangi. Utaona ni kiasi gani cha hofu kilikuwa tayari kimo ndani ya mstari kabla brashi haijaloweshwa.