Picha za uchumba alfajiri, na upepo wa ziwani

Mdogo wangu, umeuliza utavaaje usitetemeke, maana picha za uchumba mnapiga Julai alfajiri kwenye mawe ya Capri Point na gauni lako halina mikono. Wapo watakaokucheka, eti baridi gani Mwanza? Hao hawajasimama pale kabla ya jua, na mwezi huo linachomoza saa moja kasoro hivi.

Kinachotesa ni upepo. Gauni likiwa refu, ndani piga taiti nzito mbili na soksi, nani ataona? Juu, fundi akushonee koti fupi la kitenge lenye bitana, lionekane ni sehemu ya vazi. Mimi nilijitia ujasiri nikaenda mikono wazi. Kila picha, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa! Mume wangu anacheka mpaka leo.

Shuka la Kimasai abaki nalo mdogo wako, akufunike kila mpiga picha anapohangaika na kamera. Chai ya tangawizi beba, ila kunywa kabla ya lipustiki. Na mawe pandia raba. Viatu vya kisigino utavaa hukohuko juu.