Kwa nini mzee hafuati ushauri wa kliniki (jibu langu kwa mleta uzi)

Mleta uzi, umeuliza kwa nini baba yako hapo Mwanga, Kigoma, kila akienda kliniki ya presha anaambiwa apunguze chumvi, anywe maji na atembee, lakini akirudi nyumbani maisha ni yaleyale. Waliotangulia kuchangia wamesema wazee ni wabishi. Hapo nawapinga. Naishi Ujiji na mama yangu aliyevuka miaka 70, naye ana presha. Nilichokiona kwake ni kwamba mzee anaweza kuwa anaelewa kila kitu, ila nyumba anayoishi haimruhusu kukifuata.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sasa jiulize, baba yako anapika? Mama yangu hajashika mwiko siku nyingi. Jikoni yuko wifi yangu, na sufuria ni moja ya watu wote. Ushauri wa kliniki ulikuwa unaishia masikioni mwa mama, anayeweka chumvi hakuwahi kuusikia. Tulipoanza kumpeleka kliniki pamoja na wifi, mboga ilibadilika. Samaki wa chumvi siku hizi analowekwa, maji yanamwagwa, na sombe (kisamvu) inapata ladha kwa ndimu na pilipili. Tunakula wote hiyohiyo. Mzee ukimpikia chake pembeni anajiona ametengwa, na hapo ndipo atadai sahani yenu.

Kwenye maji ndipo naomba usome taratibu. Mama alikuwa anakunywa kidogo mno. Ni kweli kiu hupungua umri ukisogea, lakini sababu kubwa ilikuwa choo. Choo chetu kipo nyuma ya nyumba, njia ilikuwa na mawe, na usiku giza tupu. Aliogopa kuanguka, kwa hiyo ikifika alasiri anaacha kunywa kabisa. Hakumwambia mtu, aliona aibu. Dada yangu ndiye aliyekaa naye faragha akamuuliza kwa upole. Tukafunga taa ya sola, tukasawazisha njia, tukaweka mti wa kushikilia chooni, na usiku ana ndoo yake chumbani. Baada ya hapo hakuna aliyemhimiza tena kunywa.

Tena kuna vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo. Mzee anayekiogopa choo ataviruka hivyo pia, na kwa kuwa presha mara nyingi haina maumivu, hataona hasara ya kuviruka. Muulize daktari kama anaweza kuvimeza asubuhi. Na kama baba ana shida ya moyo au figo, usimuongezee maji kabla hujauliza kiasi kinachomfaa.

Kutembea je? Kwa walio na miaka 65 na zaidi shirika hilohilo linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu asianguke, siku 3 au zaidi. Lakini mwambie mzee wa Kigoma "nenda katembee", atakuuliza anakwenda wapi. Mama mkubwa wangu yuko Mwandiga, ana matuta ya mchicha na kikundi chake cha kuweka na kukopa, na miguu yake ina nguvu kuliko ya mdogo wake. Mama naye alikuwa akitembea vizuri akifuatana na jirani yake kwenda darsani. Jirani alipofariki, safari zikakoma, nasi tukadhani ni uzee. Sasa anakwenda sokoni na mjukuu kuchagua dagaa mwenyewe, maana hamwamini mtu mwingine kwa dagaa, na darsani anapitiwa na mama mwingine wa mtaa wa pili.

Wageni wanaomletea soda na kilo za sukari tumewaambia waziwazi walete matunda. Wamekubali bila kinyongo.

Hujatueleza baba yako anakaa na nani, nani anampikia, choo kiko umbali gani, na rafiki yake wa kutoka naye ni nani. Tuandikie hayo, wengi humu tuna wazee majumbani na tutakushauri vizuri zaidi.