Jibu la msomaji: Mbegu nyekundu na muhogo mchungu

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: mtoto akileta karatasi ya safari ya shule, ni safari gani iliyowahi kustahili pesa yake? Mimi ninayo moja, ya Aprili mwaka jana, na mwenyewe nilikuwemo ndani ya basi.

Naishi Perth, magharibi ya Australia, mwaka wa tisa sasa. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo karatasi ya shule ikiomba mzazi wa kusindikiza watoto huwa naikunja naitumbukiza mkobani. Mara hiyo mwalimu alinikuta getini, nikakosa uongo wa haraka. Darasa la nne lilikuwa linakwenda Kings Park, bustani kubwa ya mji, kujifunza maisha ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa kona hii yote ya kusini magharibi. Dola 22, kofia, maji, chakula cha mchana.

Nilikwenda bila matumaini. Mwanangu mkubwa, kwenye shule nyingine, aliwahi kurudi nyumbani na bumerangi, kile kigongo kilichopinda cha kurusha, ya kadibodi, aliyoipaka vinukta. Vinukta vile ni vya watu wa jangwani, vilipata umaarufu kutokana na wachoraji wa Papunya, kijiji cha jangwani katikati ya Australia, kuanzia mwaka 1971, na kutoka hapa hadi Papunya ni mbali kuliko Kigoma na Mtwara. Ni sawa na kumvika Mmakonde shuka la Kimasai kisha useme umewafundisha watoto Tanzania.

Aliyetupokea alikuwa mzee wa Kinoongar, ndevu nyeupe, kofia pana. Watoto waliambiwa wamwite Anko. Wazee wao huitwa hivyo, Anko na Anti, uwe wa damu usiwe wa damu, kama kwetu tu. Akanyanyua mkono akasema, "Kaya." Nikageuka kumtafuta Mswahili mwenzangu. Kumbe kwao hiyo ndiyo salamu! Nikamnong'oneza binti yangu kwamba kwetu kaya ni watu wa nyumba moja, naye akanikanyaga mguu ninyamaze.

Akatueleza misimu. Kwao mwaka una misimu 6, na tulikuwa tumeingia ule unaoitwa Djeran. Hungoji kalenda ikuambie: asubuhi unakuta umande, na sisimizi wenye mabawa wanaanza kuruka. Nilikumbuka kumbikumbi, nikameza mate, sikuuliza kitu.

Kilichowanyamazisha watoto ni gundi. Kuna mmea unaitwa balga, shina jeusi kama limeungua, juu kichwa cha majani membamba marefu kama manyasi. Hutoa utomvu mwekundu unaogandana kama ubani. Anko aliuponda juu ya jiwe, akachanganya na unga wa mkaa na kitu kikavu cha rangi ya kahawia alichosema ni kinyesi cha kangaruu. Darasa zima likapiga kelele. Akaweka kikopo kwenye jiko dogo la gesi, mchanganyiko ukalainika, ukang'aa kama lami. Akauzungushia ncha ya kijiti, akabandika mawe mawili yaliyochongwa, moja butu na moja kali, akayafinyafinya kwa vidole vilivyolowa maji. Dakika chache baadaye lilikuwa shoka, wao wanaliita kodj, na mtoto mmoja aliyejifanya mbabe alilivuta mpaka akakunja uso, jiwe halikutikisika. Mkaa huifanya gundi isipasuke, nyuzi za kinyesi huishikilia. Kangaruu hula majani, akasema, kwa hiyo hicho mlichochekea ni majani yaliyokwisha kusagwa tayari. Mikuki tuliirusha pia, lakini hapo ni vurugu tu za watoto, sina la kuandika.

Kings Park iko juu ya kilima. Ukisimama ukingoni unaona mto na majengo marefu ya mji chini yako. Anko alielekeza kidole huko akasema mama yake, alipokuwa msichana, hakuruhusiwa kukanyaga mitaa ile bila kibali. Kuanzia 1927 hadi 1954 katikati ya Perth palikuwa eneo lililokatazwa kwa wenyeji wa asili. Kuingia ulihitaji karatasi. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Watoto wakauliza kama mama yake alikuwa amefanya kosa. "Hapana," akasema, akaendelea na kazi yake. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa Kasulu kwenda mkonge wa Tanga, manamba, mtu wa kuitwa kwa namba, kwa hiyo mimi sikuwa na swali.

Ndipo akatoa mbegu. Nyekundu, kubwa kama kunazi mara tatu, za mmea mfupi unaofanana na mchikichi mchanga. Waingereza huuita zamia. Zina sumu. Mwaka 1697 mabaharia wa Kiholanzi wa nahodha Willem de Vlamingh walishuka karibu na mto huu, wakaziona zinapendeza, wakazila, wakatapika wakadhani wanakufa. Wanawake wa Kinoongar walizila vizazi na vizazi. Walizikusanya, wakaziloweka majini siku kadhaa, wakazifukia kwenye mashimo mchangani, wakazifukua na kuzichoma. Kilicholiwa ni ile nyama nyekundu ya nje.

Mdomo ulinitoka wenyewe. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba sisi tunafanya hivyo kwa muhogo. Anko akaacha alichokuwa anafanya. "Vipi?" Nikakwama. Binti yangu, uso umemwiva, ikabidi atafsiri: kwamba uko muhogo mchungu, ukiula hivihivi unakudhuru, unaumenya, unauloweka siku tatu nne mpaka uvundike na ulainike, unauanika, ndipo unautwanga. Kwamba wanaoharakisha hupata shida, kama watu wa Tarime kwenye ukame wa miaka ya 1980, wapo waliopooza miguu wasitembee tena. Mzee aliuliza maswali mengi kuliko watoto. Maji yanayotembea au yaliyotuama? Mnajuaje kwamba umekuwa tayari? Nikamwambia unaubonyeza kwa kidole gumba, na harufu inakwambia. Akacheka akawageukia watoto: harufu, mmesikia?

Hapo nieleze jambo. Ni miaka miwili sasa binti yangu haendi shule na ugali. Siku moja darasani mtu aliziba pua alipofungua hotpoti yake, na mwalimu wa wakati ule akashauri tumfungie mkate. Tangu hapo ni mkate na jamu. Mimi siku ya safari nilibeba hotpoti yangu mwenyewe, ugali wa muhogo na dagaa wa duka la Waafrika, na nilikuwa nimepanga kwenda kuula nyuma ya basi.

Sikufika huko. Anko alikaa karibu nami akaomba aone. Nikammegea tonge, nikamwonyesha kubonyeza shimo la mboga kwa kidole gumba. Akatafuna polepole, akasema unanata vizuri kama balga. Watoto wanne watano wakajipanga. Mmoja alitema, wengine walirudi tena. Binti yangu alibaki na mkate wake mkononi, akiangalia, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo shuleni huwa haitoi: "Mama, hawajui kumega, wanabananga. Leta nimwonyeshe huyu."

Usiku ule kabla sijaondoka kwenda kazini aliniuliza mbona sikuwahi kumwambia habari za sumu ya muhogo. Nikamwambia hapa tunanunua ulioganda, mtamu, umeshamenywa, hakuna cha kuloweka. Akataka kujua bibi yake analowekea wapi. Kwenye pipa la bluu, nikamwambia, nyuma ya jiko.

Mwaka huu karatasi imekuja tena, dola 25. Nimeandika jina langu kwenye orodha ya wazazi kabla mwalimu hajanitafuta, na zamu nimeshabadilishana na mwenzangu.