Kijani na bluu si kitu kimoja: soma kabla hujanunua waya wa fiba

Mwaka juzi niliitwa Tabata, Dar es Salaam, kwa mama mmoja ambaye intaneti yake ilikuwa inakuja na kupotea. Mafundi wawili walishapita kabla yangu. Mmoja alibadilisha ruta, mwingine akasema tatizo liko kwenye nguzo. Mama akanipokea mlangoni: "Fundi, na wewe umekuja kuniambia nisubiri?"

"Hapana mama, nionyeshe tu kiboksi kilipo."

Kiboksi cha ukutani kilikuwa na tundu la kijani, lakini waya uliochomekwa hapo ulikuwa na kichwa cha bluu. Kijana wake aliununua baada ya ule wa mwanzo kutafunwa na panya, na kwa kuwa uliingia ukalia "klik", kila aliyepita aliamini uko sawa. Fiba hubeba intaneti kwa mwanga, kwa hiyo nikaweka kipima mwanga upande wa ruta: -29 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi). Nikatoa waya wa kijani begini, nikabadilisha: -19. Vifaa vingi vya fiba ya nyumbani vikishuka chini ya -27 huanza kuyumba, taa ya LOS (inayoonyesha mwanga umepotea) inawaka nyekundu, inazima, inawaka tena.

Kichwa cha kijani, yaani APC, ncha yake imesuguliwa mshazari kwa pembe ya nyuzi 8. Cha bluu, UPC, ncha yake iko karibu bapa. Ukivikutanisha, vioo vinavyopitisha mwanga havigusani sawasawa, hewa inabaki katikati na mwanga unamwagika hapo. Ukilazimisha, unaweza hata kukwaruza ncha iliyo ndani ya kiboksi, na hapo gharama si ya waya tena. Kwa hiyo usiende dukani na maneno matupu. Piga picha tundu la ukutani na la kwenye kifaa, yote mawili, maana yanaweza kutofautiana. Waya wenye kijani upande huu na bluu upande ule upo, uliza.

Watu wengi huniuliza kuhusu urefu, wakiogopa kwamba waya wa mita 10 utapunguza spidi. Hautapunguza. Waya wa singomodi (wenye njia moja nyembamba ya mwanga, ndio wa fiba ya nyumbani) hupoteza mwanga kama desibeli 0.35 kwa kilomita nzima, ilhali kiungo kimoja tu cha vichwa kinaweza kula 0.3. Kinachoua ni mkunjo. Nimeona waya wa mita 20 umefungwa kama kamba ya mbuzi nyuma ya TV, na juu yake umekazwa kwa zipu ya plastiki. Nunua unaotosha na ziada kidogo, ukiandikwa G.657A2 ni bora zaidi, kwa sababu huo unavumilia kona hadi nusu kipenyo cha milimita 7.5. Wa kawaida, G.652D, hutaka 30.

Vumbi nalo. Usivue kifuniko mpaka dakika ya kuchomeka, usiguse ncha kwa kidole, na tafadhali usichungulie ndani kuona kama mwanga upo. Mwanga huo hauonekani kwa macho, ila jicho linaweza kudhurika.

Ofisini mambo hubadilika kidogo. Huko utakutana na vichwa vidogo vya LC vinavyokuja viwili viwili, na rangi ya ganda la waya ndiyo inayosema: njano ni singomodi, samawati ya bahari ni maltimodi (yenye njia pana ya mwanga, ya umbali mfupi) ya daraja la OM3 au OM4, chungwa ni maltimodi za zamani. Soma moduli, yaani kipande kinachotuma na kupokea mwanga, iliyo kwenye swichi ya mtandao. Ikiandikwa 850 nm (urefu wa wimbi la mwanga), inataka maltimodi. 1310 nm, kwa kawaida singomodi. Ukipata kazi mpya ya kuunganisha ghorofa mbili, mimi ningelaza njano tu, hata kama ni mita 40, kwa sababu spidi ikipanda kesho utabadilisha moduli na waya utabaki. Taa isipowaka, kabla hujamlaumu muuzaji, geuza vile vichwa viwili upande mmoja. Mara nyingi anayetuma ameunganishwa na anayetuma.

Mama wa Tabata nilimwekea waya wenye bomba jembamba la chuma ndani ya ganda. Panya wake wamehamia kwenye waya wa antena.