Nyumba ya bibi imeungua: tumwage zege?

SWALI: Fundi, shikamoo. Ramadhani iliyopita nyumba yetu ya urithi, Mkunazini, Mji Mkongwe, iliungua orofa ya juu kwa hitilafu ya umeme. Boriti tano zimekatika, nyingine zimebabuka tu. Kuta zimesimama, nyeusi tititi. Fundi tuliyemwita anataka tuoshe masizi kwa mpira wa maji, tumwage zege juu na kupiga lipu ya saruji, tuhamie kabla ya Idi Kubwa. Mjomba hataki hata kusikia saruji, lakini hasemi kwa nini. Tumsikilize nani?
Mjukuu, Unguja

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Msikilizeni mjomba. Sababu nitawapa mimi.

Huo mpira wa maji ufungwe kwanza. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Na chokaa tunaipataje? Tunachoma matumbawe hayo hayo tanuuni. Basi moto wenu umewasha tanuu ndani ya nyumba: jiwe lililoungua sana limegeuka chokaa isiyozimwa, yaani ambayo haijatiwa maji, nalo bado limekaa ukutani kama jiwe. Likipata maji linachemka, linavimba, linamong'onyoka. Nilipokuwa mwanagenzi nilimwagia ndoo nzima ukuta wa namna hiyo, Malindi, nikijiona hodari wa usafi. Adhuhuri nilikuwa nimesimama kwenye tope jeupe. Mwalimu wangu hakunigombeza, alinikabidhi ufagio.

Maji ya zimamoto yameshafanya yake, msiongeze. Funikeni juu kwa turubai leo, maana masika haingoji vikao vya ukoo. Masizi yafagiliwe makavu. Kisha mpite na msumari, mkwaruze ukuta shubiri kwa shubiri. Panapotoka unga, chimbeni hadi jiwe gumu, mzibe kwa mawe na chokaa iliyozimwa ikalala shimoni miezi, si ya juzi.

Boriti zilizobabuka msizitupe. Mkandaa, mti wa boriti zenu, huungua kuanzia nje, na mara nyingi kiini kinabaki kizima. Kwangueni mkaa kwa tezo mpaka mti uonekane, mpime unene uliobaki. Ila vichwa vilivyozama ukutani vichokoeni kwa bisibisi, moto hupenda kujificha humo. Za kununua ni hizo tano, na zitakazoshindwa kipimo hicho. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti, kwa hiyo mpya zitaingia bila hesabu kubwa. Kabla ya kugusa hata moja, wekeni miega, nguzo za kushikilia, chini ya dari.

Zege ni mzigo ambao kuta hizo hazikujengewa, tena zimetoka kuungua. Nondo nazo, kwa chumvi ya mji wetu, zitaota kutu, zivimbe na kupasua zege lenyewe. Lipu ya saruji ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa inapendeza. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Mkiufunga kwa saruji, chumvi inabaki nyuma, inakula jiwe taratibu huku nyinyi mkisifu rangi.

Kibali ni Mamlaka ya Mji Mkongwe, kabla ya kazi, si baada. Nendeni na picha za kila chumba.

Chokaa haikimbizwi: tabaka jembamba, likauke, ndipo lingine. Idi Kubwa mtaila kwa mjomba.